Chupa ya Maabara Hutoa Mche, Haitoi Dawa

Na Mwandishi Wetu

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mmoja wa waandishi wetu mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa serikali. Tunayachapisha kama yalivyotolewa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Nilipoombwa kuzungumza juu ya ukuzaji wa mimea ya dawa kwa njia ya tishu katika maabara, nilijiuliza kama mwandishi wa habari anayo haki ya kusimama mbele ya walimu wa biolojia akawaeleza habari za seli. Nilijipa moyo kwa sababu jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa wataalamu, nao nitaugusa kwa kadiri nilivyoweza kujifunza. Upande wa pili ni wa kuamua mmea gani uzalishwe, kwa fedha ya nani na kwa faida ya nani. Upande huo ni wa siasa, na siasa ni kazi ya kila mwananchi.

Mwaka 1902 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Huko Austria, mtaalamu wa mimea Gottlieb Haberlandt alichapisha maandishi akidai kwamba seli moja ya mmea, ikilishwa ipasavyo, yaweza kujijenga upya hata ikawa mmea kamili. Yeye mwenyewe alijaribu akashindwa. Seli zake ziliishi kwa muda, zikanenepa, lakini hazikugawanyika. Mwaka huohuo, katika milima ya Usambara Mashariki, utawala wa Kijerumani ulianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani, ukaijaza milima ile mimea ya mabara mengine, ukiwamo mkwinini wa Amerika ya Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifunga bahari, kwinini iliyotengenezwa hapahapa nchini kutokana na magome ya miti hiyo ilisaidia kuliweka jeshi la Wajerumani vitani.

Naomba tulitazame jambo hilo bila haraka. Ardhi ilikuwa yetu. Vibarua waliopanda na kuvuna walikuwa wazazi wetu. Gome lilichemshwa hapa, dawa ikapatikana hapa. Lakini dawa hiyo ilitumikia vita visivyokuwa vyetu, na ujuzi wa kuitengeneza haukuachwa mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java, ambako ndiko ilikotoka karibu kwinini yote ya dunia, mikwinini ya Afrika Mashariki na ya Kivu iligeuka ghafla kuwa mali, na vita vilipokwisha ikasahauliwa tena. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi yetu haijapata kuwa na mimea ya dawa ya kisasa. Kilichokosekana ni mamlaka juu yake.

Sasa nirudi kwa Haberlandt. Ndoto yake ilikujaje kuwa kweli? Hapa pana habari itakayowafurahisha ndugu zetu wa pwani. Mwaka 1941 mtaalamu Johannes van Overbeek na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walikuwa wakihangaika na viinitete vichanga vya mmea vilivyokataa kukua katika maji yenye sukari na chumvi. Walipotia maji ya nazi, vikakua. Miaka kadhaa baadaye F. C. Steward alitumia maji hayohayo ya nazi kulisha vipande vya karoti, na mwaka 1958 akaonyesha kwamba kutokana na seli zilizoachana waweza kupata karoti nzima yenye mizizi na majani. Ndani ya nazi mna homoni inayoziamuru seli zigawanyike, nayo ni ileile inayolisha kiinitete cha mnazi ndani ya kifuu. Mabibi zetu walijua kwamba nazi hulisha mtoto. Sayansi ikagundua kwamba hulisha hata kipande cha karoti.

Mwaka 1955 homoni ya kwanza ya aina hiyo, iitwayo kinetini, ilipatikana katika maabara ya Folke Skoog huko Wisconsin. Mwaka 1957 Skoog na Carlos Miller wakaeleza kanuni ambayo mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni kwa mstari mmoja. Homoni ya kugawanya seli ikizidi ile ya mizizi, kipande cha mmea hutoa machipukizi. Ya mizizi ikizidi, hutoa mizizi. Zikilingana, hutoa donge la seli lisilo na umbo. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakachapisha orodha ya chumvi na vitamini za kumlisha mmea ndani ya chupa. Walikuwa wakishughulika na tumbaku, lakini chakula hicho ndicho kinachopikwa hadi leo katika maabara nyingi za kazi hii, iwe inakuzwa migomba au maua.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi huchagua mmea mama ulio bora. Hukata ncha ya chipukizi, pengine ndogo kama punje ya mtama, akaisafisha kwa spiriti na dawa ya klorini kama ile ya kufulia nguo nyeupe. Chakula kimekwisha kupikwa: chumvi, vitamini, homoni, gramu 30 za sukari kwa kila lita, na aga ya kukigandisha. Aga hutoka katika mwani, ingawa mwani unaolimwa zaidi Zanzibar ni wa jamaa nyingine, na hutoa kigandishi cha namna nyingine. Chupa na chakula huchemshwa kwa mvuke wa shinikizo hadi nyuzi 121, kwa sababu kilicho kitamu kwa mmea ni kitamu maradufu kwa ukungu. Kisha kipande hupandikizwa ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa, kikawekwa katika chumba cha nyuzi 25 hivi chenye taa zinazowaka saa 16 kwa siku. Baada ya wiki nne hadi sita kipande kimetoa machipukizi kadhaa. Yanakatwa na kila moja kupewa chupa yake, na kazi inaanza upya.

Hesabu yake huwalevya wengi. Kama kila chipukizi likitoa matatu kwa mwezi, basi chipukizi moja baada ya miezi 10 linakuwa 59,049. Hesabu hiyo ni ya karatasini. Chupa nyingine huingiwa na ukungu. Miti yenye magome machungu, ambayo ndiyo mingi ya dawa, hutoa majimaji yanayokigeuza chakula kuwa cheusi na kukiua kipande, hata fundi akalazimika kutia unga wa mkaa ili kuyanyonya. Chipukizi la mti mzee hukataa kutoa mizizi. Tena mche unapotoka chupani ni kama mtoto aliyelelewa chumbani bila kuona jua: majani yake hayana nta ya kutosha, na vinyweleo vyake havijui kufunga. Usipouzoesha polepole chini ya nailoni na kivuli, unanyauka siku hiyohiyo. Wanaojua kazi hii watawaambia kwamba hasara kubwa hutokea hapo, mlangoni mwa kitalu, wakati wageni wamekwisha kupiga picha na kuondoka.

Niliwahi kutembelea maabara moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja, kwani tatizo nililoliona si lake peke yake. Nilionyeshwa chumba chenye rafu nyeupe kutoka sakafuni hadi darini, na chupa mamia kwa mamia zenye vijani vya kijani kibichi. Lilikuwa jambo la kutia fahari. Lakini rafu za upande mmoja zilikuwa tupu. Nilipouliza nikaelezwa kwamba umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta ilikuwapo ila dizeli haikuwapo, kwa kuwa hati ya malipo ilikuwa ikingoja sahihi ya mkubwa aliyekuwa safarini. Mitambo ya kupoza hewa ilisimama, chumba kikawa tanuri, na Jumatatu asubuhi vijana wale walikuta ukungu na majani meusi. Kazi ya miezi saba ikamwagwa shimoni nyuma ya jengo. Sisemi haya kuwasuta watumishi wa serikali waliomo ukumbini, ingawa naona baadhi yao wanatabasamu. Nasema ili tukubaliane kwamba maabara ya tishu haipumziki Jumamosi, na taratibu zetu za fedha zilitungwa kwa ajili ya ofisi, ambayo ukiifunga Ijumaa utaikuta Jumatatu kama ulivyoiacha.

Ndugu Walimu, sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta. Wakulima wetu wengi wameshaijua miche ya tishu kwa sababu ya migomba. Katika mgomba faida yake ni wazi. Mkulima anataka mche usio na ugonjwa, unaozaa mkungu kama wa mama yake. Mkungu auona kwa macho, akiukubali anaukubali. Mmea wa dawa ni kitu kingine. Kinachotakiwa humo hakionekani. Majani yaweza kuwa mapana na ya kupendeza, na ndani yake dawa isiwemo.

Wazee wetu watibabu wengi hushikilia kwamba dawa ya porini ina nguvu kuliko ya bustanini. Kwa muda mrefu sisi tuliosoma tulilicheka neno hilo, tukaliweka kapu moja na ushirikina. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Lakini kemia imewapa wazee hawa nusu ya haki yao, na pengine zaidi. Mmea hautengenezi dawa kwa ajili ya binadamu. Hutengeneza sumu, uchungu na harufu ili kujikinga na wadudu, ukungu, wanyama na jua kali. Mmea uliomo chupani unalishwa sukari, hauna adui, hauna kiu. Mara nyingi hauna sababu ya kujitengenezea silaha, na hauzitengenezi.

Mfano ulio karibu nasi ni pakanga ya Kichina, mmea ambao ndani yake hutolewa artemisinini, kiini cha dawa tunazotumia leo dhidi ya malaria. Kiini hicho kilipatikana China mwaka 1972 kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake, baada ya kurejea maandishi ya tiba ya kale ya nchi yao, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Hapa Tanzania tulianza kutumia dawa mseto yenye kiini hicho mwaka 2006. Basi, artemisinini hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo vilivyo juu ya jani na ua. Ukikuza donge la seli za pakanga ndani ya chupa, donge lisilo na jani, hakuna vitezi, na pasipo vitezi kiini hicho hakipo au ni kidogo mno. Ila ukikuza machipukizi, ukayapeleka shambani yakawa mimea yenye majani, kiini hurudi. Hapo ndipo neno la kichwa cha mazungumzo yangu lilipotoka.

Kuna ua dogo la rangi ya waridi au jeupe ambalo asili yake ni Madagaska, nasi hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake. Kutokana na ua hilo zimepatikana dawa mbili kubwa za kansa, vinblastini na vinkristini, zilizoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya pili imewaokoa watoto wengi wenye kansa ya damu. Kiasi cha dawa kilichomo katika majani ni kidogo sana, hata majani kwa tani hutoa gramu chache. Ilitumainiwa kwamba seli za ua hili, zikikuzwa katika matangi, zingemaliza taabu hiyo. Lakini mmea hutengeneza dawa hii kwa kuunganisha vitu viwili, na kimojawapo huhitaji seli za aina mbalimbali za jani zipokezane kazi, kama wafanyakazi wa kiwanda. Donge la seli zinazofanana halina mpokezano huo. Basi mashamba ya ua hili yakabaki kuwa ya lazima.

Isidhaniwe kwamba matangi hushindwa daima. Mwaka 1983 Wajapani walifaulu kuuza shikonini iliyotengenezwa na seli katika matangi, kitu chekundu ambacho mizizi yake kwa asili ilitumika kutibu vidonda. Mmea ule hukaa miaka kadhaa kabla mizizi yake haijafaa. Seli zao zilifanya kazi hiyo kwa wiki chache. Na dawa ile ya vidonda ilipata soko wapi? Katika rangi ya midomo. Sina ugomvi na wanaojipamba, ila mfano huu watuonyesha kwamba mtaji ukiachiwa kuchagua wenyewe hauanzi na kidonda. Baadaye paklitakseli, dawa ya kansa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992, ambayo mwanzoni ilihitaji kuchuna gome la mti ukuao polepole hata mti ukafa, nayo ikapata njia ya matangi ya seli, na matangi yake ni ya makumi ya maelfu ya lita. Huko ndiko sayansi ilikofika. Kiwanda cha namna hiyo ni cha mabilioni, chataka umeme usiozimika na wahandisi waliobobea, na sitaki mtu yeyote aliyemo humu atoke akidhani kwamba rafu zetu za chupa ni kitu kimoja na kiwanda kile.

Basi maabara zetu zikuze nini? Hili ndilo swali ambalo naona halijaulizwa sawasawa. Nimepata kusikia mapendekezo ya kukuza mwarobaini kwa tishu. Kwa heshima zote, mwarobaini huota wenyewe chini ya mama yake bila kuombwa! Mlonge nao hushika kwa mbegu na kwa kijiti. Kuiweka miti hiyo chupani ni kutumia fedha ya wananchi kununua kile ambacho mvua hukitoa bure.

Lakini uko mti uitwao mueri, kwa jina la kitaalamu Prunus africana, uishio katika misitu ya milima yetu, Kilimanjaro ikiwamo, na katika milima ya Kenya, Kamerun, Madagaska na kwingineko. Gome lake hutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi dume, maradhi ya wanaume wazee, na soko lake kubwa liko Ulaya, ambako dawa hiyo ilipewa hataza katika miaka ya 1960. Ukiubandua mti huu kwa kiasi, robo mbili zinazotazamana na kuziacha nyingine mbili, waweza kupona na kuota gome jipya. Ukiuchuna kuuzunguka wote, unakufa ukiwa umesimama. Wachunaji wanaolipwa kwa uzito wa gunia hawana sababu ya kuacha robo mbili, na wanunuzi hawawaulizi. Uharibifu ulifikia kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara ya mti huu inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa viumbe walio katika hatari. Mbegu yake haihifadhiki kwa muda mrefu kama mahindi. Ikikaa hupoteza uhai. Hapa ndipo maabara ina hoja ya kuwapo, ya kuhifadhi na kuongeza nakala za miti mama bora kabla hawajaisha. Lakini hata hapa nisiwadanganye. Mueri huchukua miaka zaidi ya 10 kufikia unene wa kuvunwa gome, na maabara haipunguzi hata mwaka mmoja. Mkulima mwenye eka mbili hawezi kuingoja faida hiyo peke yake. Lazima kijiji, shule au halmashauri iwe na msitu wake, na msitu huo uandikwe mahali pa kudumu, usitegemee moyo wa mwenyekiti aliyeko.

Pakanga ya Kichina ni habari tofauti. Mmea huu huvunwa ndani ya msimu mmoja, na mkulima haulizwi subira ya miaka. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, zaidi ya 10,000 katika gramu moja. Mimea ya mwituni huwa na kiini kidogo, mara nyingi chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wa majani makavu, hali ile iliyochaguliwa na wataalamu hupita asilimia moja. Ila mbegu chotara haizai watoto wanaofanana nayo. Mkulima akihifadhi mbegu ya mwaka huu, mwaka ujao apata mchanganyiko, na hivyo hurudi kwa mwenye mbegu kila msimu na fedha mkononi. Mche wa tishu ni nakala kamili ya mama. Nchi iliyochagua mama zake na kuwaweka katika chupa zake haina mtu wa kumpigia magoti kila mwaka. Kwa maoni yangu faida hiyo ni kubwa kuliko ile ya wingi.

Na hapa pia soko halina huruma. Mwaka 2005, dunia ilipoigeukia dawa mseto, kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000. Kila mahali watu wakakimbilia kupanda, pamoja na wakulima wa kaskazini mwa nchi yetu. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200, na wengi waling'oa mimea yao. Mwaka 2013 kampuni moja kubwa ya Ulaya ikaanza kutengeneza kiini hicho kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba, lakini ile ya mashambani ikawa rahisi zaidi na hamira ikasimama. Mkulima hakuarifiwa bei ilipopanda wala iliposhuka. Aliiona siku ya kupima gunia. Kumgawia mkulima huyo miche 500 ya tishu bila mkataba wa bei, na bila kiwanda cha kuchuja majani kilicho karibu, ni kumwongezea mzigo.

Niseme pia, kwa kuwa humu mna walimu wanaoulizwa na wazazi, kwamba kupanda pakanga si ruhusa ya kujitibu malaria kwa chai ya majani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba haliungi mkono matumizi hayo, kwani kiasi cha kiini katika chai hakina hakika, na dozi pungufu humwacha mgonjwa na vijidudu vilivyozoea dawa.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kusema habari za mmea na habari za mkulima. Amebaki mtibabu wa jadi, yule ambaye kwa kawaida hukumbukwa mwishoni, nami naona nimefanya kosa hilohilo. Nchi hii haikuanza jana kumheshimu. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, wakati ambapo katika nchi nyingi mganga alikuwa bado mtu wa kufukuzwa na polisi, na mwaka 1991 kikafanywa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ikaundwa na baraza lake. Msingi upo. Lakini uchaguzi wa mmea mama unapofanywa, nani hukaa mezani? Yuko mtaalamu wa tishu na ofisa wa misitu, pengine na mfadhili. Mzee ambaye kwa miaka 40 amejua kwamba mti wa bonde hili ni mchungu na wa bonde lile ni baridi huitwa kuonyesha njia, akapewa nauli, akarudishwa nyumbani. Baadaye nakala elfu za mti alioutaja yeye zitakuwa katika chupa zenye namba, na namba hiyo haitakuwa na jina lake wala la kijiji chake.

Pendekezo langu ni la kiofisi kabisa, nanyi watumishi mwaweza kulifanya bila kungoja sheria mpya. Kila mmea mama wa dawa unaoingia katika maabara ya umma uandikwe katika daftari moja: umetoka kijiji gani, umeonyeshwa na nani, kwa maradhi gani, na umepimwa kiasi gani cha kiini cha dawa kabla ya kukatwa chipukizi na baada ya watoto wake kukua shambani. Vipimo hivyo viwili ni vya lazima. Bila cha kwanza hatujui tunanakili nini. Bila cha pili hatujui kama tulichonakili kimefika. Na nakala ya ukurasa huo ibaki kijijini.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia humu kama shule yake yaweza kuanza kazi hii. Yaweza, kwa kiwango cha kufundishia. Chupa za jamu zenye vifuniko, sufuria la presha, taa mbili za mirija, sukari ya dukani na boksi la kioo lililofutwa kwa spiriti vinatosha kukuza chipukizi la kiazi mviringo, nalo likiwashinda mara tatu za kwanza msivunjike moyo, ukungu ni mwalimu pia. Chumvi na homoni ombeni kwa chuo kilicho karibu, kiasi kinachotakiwa ni kidogo. Mueri msiuanzie chupani. Okoteni matunda yaliyoiva, menyeni nyama, pandeni mbegu wiki hiyohiyo katika kitalu chenye kivuli, na andikeni zilizoota ni ngapi. Takwimu hizo zikitoka katika shule 20 za mlimani, maabara itajua ni mti upi unaohitaji msaada wake na ni upi usiouhitaji.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Naona ndugu yetu wa Idara ya Misitu ameinua mkono tangu nilipotaja magunia ya magome, nami niko tayari kumsikiliza.